Shajara ya mradi: kona, stesheni na mji wa matofali ya plastiki

Juma la 1

Mradi huu umeanza na ubao, wala haukuanza na treni. Ninao ubao mmoja wa plaiwudi wenye urefu wa milimita 2440 na upana wa milimita 1220, na nimejiwekea sharti kwamba reli, stesheni, ghala, barabara na nyumba zote zitakaa juu ya ubao huo bila kuongezewa hata kidole. Wengi wetu tunaojenga kwa matofali ya LEGO huanza na jengo lililotuvutia, kisha ndipo tukatafuta mahali pa kupitisha reli. Mimi nimekwisha kufanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili nililazimika kubomoa ukuta uliokamilika kwa sababu treni haikuweza kupita kando yake. Safari hii reli itatangulia na mji utafuata.

Vipimo vya kufanyia kazi ni vichache na havibadiliki. Kutoka katikati ya kinundu kimoja, yaani kitufe kilicho juu ya tofali, hadi katikati ya kinachofuata ni milimita 8. Tofali lina kimo cha milimita 9.6 na bamba lina milimita 3.2, kwa hiyo mabamba matatu ni sawa na tofali moja. Vipimo hivi ndivyo vinavyofanya tofali la mfumo uliosajiliwa Denmark mwaka 1958 lishikane na tofali lililotoka kiwandani mwaka huu. Kipande cha reli iliyonyooka kina urefu wa vinundu 16, yaani milimita 128, na mataruma yake yana upana wa vinundu 8.

Shida iko kwenye kona. Kwa miaka mingi kampuni yenyewe iliuza kona ya aina moja tu, yenye nusu kipenyo cha vinundu 40, na vipande 16 vya kona hiyo hufunga duara. Duara hilo, likipimwa kutoka ncha ya mataruma upande mmoja hadi ncha ya upande wa pili, lina milimita 704, na linaenea vizuri kwenye ubao wangu. Tatizo ni kwamba treni ndefu ikipita juu yake huonekana kama nyoka aliyekunjwa ndani ya kikapu. Kona pana hutengenezwa na watu wengine, na hupanda kwa hatua za vinundu 16: 56, 72, 88, 104. Nilitamani ile ya 72, ambayo duara lake lina milimita 1216. Ubao wangu una milimita 1220. Ingebaki milimita 2 kila upande, na treni ambayo ingeacha reli ingetua sakafuni moja kwa moja.

Nimechagua ya 56. Duara lake lina milimita 960, na linaniachia milimita 130 kila upande. Katikati ya nusu duara mbili nimeweka reli 9 zilizonyooka kila upande, jambo linaloufanya mzunguko wote uwe na urefu wa milimita 2112 kutoka ncha moja hadi nyingine. Ndani ya mzunguko, kati ya mataruma ya upande mmoja na ya upande wa pili, imebaki nafasi ya vinundu 104 kamili: mabamba matatu ya msingi yenye vinundu 32 kila moja, na vinundu 8 vya ziada. Sikuipanga iwe hivyo, lakini nimeipokea kwa furaha.

Juma la 2

Juma hili sikugusa tofali, nilishika kalamu na kikokotoo. Swali lilikuwa la ukubwa wa behewa.

Katika ulimwengu wa matofali hakuna skeli moja inayoridhisha kila kitu. Kijitu cha kawaida, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 1978, kina kimo cha takriban milimita 40. Ukimhesabu kuwa mtu wa mita 1.7, skeli ni karibu 1 kwa 42. Ukipima nafasi kati ya reli mbili, ambayo ni kama milimita 37.5, na kuilinganisha na reli halisi ya milimita 1435, skeli inakuwa 1 kwa 38. Na kijitu huyohuyo, kwa mabega yake, ni mnene kiasi kwamba mabehewa yenye upana wa vinundu 6, yaliyozoeleka kwa miaka mingi, hayawezi kukalisha vijitu wawili, mmoja kila upande wa njia ya kupitia. Nimeamua upana wa vinundu 8. Hizo ni milimita 64, na behewa halisi la mita 2.9 likipunguzwa hadi hapo linatoa skeli ya 1 kwa 45, ambayo haigombani sana na kimo cha vijitu.

Urefu ndio unaolazimisha uongo. Behewa la mita 20 katika skeli hiyo lingekuwa na milimita 444, karibu vinundu 55, na kwenye kona yangu ya milimita 448 lingekuwa kichekesho. Nimelifupisha hadi vinundu 40, yaani milimita 320, na nimeziweka bogi mbili, yaani vigari vya magurudumu vinavyobeba behewa, kwa umbali wa vinundu 24 kutoka mhimili wa moja hadi mhimili wa nyingine, huku kila upande ukibaki na vinundu 8 vinavyoning'inia nje ya bogi.

Hapo hesabu inaanza kuwa tamu. Bogi zote mbili hubaki juu ya mstari wa katikati wa reli, lakini mwili wa behewa haupindi. Kwa hiyo katikati ya behewa huingia upande wa ndani wa kona, na pembe zake za mbele na nyuma hutokeza upande wa nje. Kwenye kona ya vinundu 56, katikati ya behewa langu huingia ndani kwa milimita 10.4. Ukiongeza nusu ya upana wake, ukuta wa behewa unafika milimita 42.4 kutoka katikati ya reli. Upande wa nje, pembe inafika milimita 48.1, yaani vinundu 6 na nywele moja. Kwenye kona ya kawaida ya vinundu 40 takwimu hizo zingekuwa milimita 46.7 na 53.3. Kanuni niliyoiandika ukutani ni kwamba kwenye kona hakuna ukuta, nguzo, mti wala kijitu atakayewekwa karibu zaidi ya vinundu 7 kutoka katikati ya reli, upande wowote.

Juma la 3

Nimeijaribu hesabu kwa karatasi. Nilitandika karatasi nyeupe chini ya kona, nikajenga behewa tupu lisilo na ukuta wala paa, nikafunga penseli wima kwenye pembe yake ya nje na nyingine katikati ya ubavu wa ndani, kisha nikalisukuma taratibu kwa mkono. Mstari wa nje ulikuwa milimita 49 badala ya 48, kwa sababu bogi zina ulegevu kidogo kwenye mhimili wake. Nimeridhika. Behewa hilo tupu sitalibomoa. Litakuwa chombo cha kupimia mpaka mwisho wa mradi, na kila jengo jipya litapimwa nalo kabla ya kupokewa.

Juma la 4

Kichwa cha treni kimekamilika, isipokuwa madirisha ya upande mmoja.

Kuhusu umeme nilikuwa na njia mbili, na ajabu ni kwamba kona ndiyo iliyonichagulia. Treni za kampuni hii zilianza mwaka 1966 kwa betri za volti 4.5, mwaka 1969 ukaja mfumo wa volti 12 uliopitisha umeme kwenye reli za katikati, mwaka 1991 ukaja wa volti 9, ambao reli zake zilivikwa ukanda wa chuma na kupeleka umeme kwenye magurudumu ya mota yenyewe, na tangu mwaka 2006 reli zimekuwa za plastiki tupu, huku betri zikibebwa na treni. Ninazo reli kadhaa za chuma za kizazi cha 1991, ambazo bado zinaungana na za sasa bila taabu, na mfumo ule una uzuri wake: kichwa cha treni huwa chepesi, wala hakuna betri ya kuisha katikati ya mzunguko. Lakini kona zangu pana ni za plastiki, na umeme hauruki pengo la milimita 2815, ambao ndio urefu wa kona zote mbili zikijumlishwa. Basi betri zitapanda treni.

Kisanduku cha betri hubeba betri sita ndogo na kina matundu mawili ya kuunganishia. Moja limechukuliwa na mota, la pili nimeliwekea taa za mbele. Amri hutoka kwenye simu kwa Bluetooth. Ninatumia betri za kuchajiwa, ambazo kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo jumla ni volti 7.2 badala ya 9, na tofauti hiyo huonekana wazi kwenye mwendo wa juu. Sikuisikitikia. Treni inayokimbia sana kwenye ubao wa mita mbili na nusu huonekana kama panya aliyekurupushwa.

Kilichonisumbua ni kushika reli. Magurudumu ya mota yana pete za mpira, nazo hushika kwa kadiri ya uzito unaozikandamiza. Mwanzoni nilikiweka kisanduku cha betri katikati ya kichwa cha treni, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi, na magurudumu yakawa yanazunguka mahali pamoja kila yalipovuta mabehewa matatu. Nimekihamisha kisanduku hadi juu ya mota kabisa, hata ikabidi chumba cha dereva kisogezwe vinundu 4 mbele. Sasa kinavuta manne bila kuteleza. Dereva amekosa kiti na anaendesha akiwa amesimama.

Juma la 6

Juma la tano lilipotea kwa shughuli nyingine. Juma hili limepotea kwa kosa langu.

Jukwaa la stesheni lilikuwa limekamilika upande wa nje wa mzunguko, likiwa na urefu wote wa reli 9 zilizonyooka, vinundu 144, na ukingo wake ukiwa vinundu 5 kutoka katikati ya reli, yaani milimita 40. Behewa kwenye reli iliyonyooka linafika milimita 32, kwa hiyo palikuwa na nafasi ya milimita 8, ambayo kijitu anaivuka kwa hatua moja. Nilitandaza vigae laini vya kijivu, nikaweka mabenchi, saa, taa sita zenye waya zilizopita chini, na mizani ya mizigo ambayo ilinichukua jioni nzima. Treni ikatoka stesheni, ikaingia kona, na pembe ya nyuma ya behewa la mwisho ikaufagia ukingo wa jukwaa pamoja na taa mbili.

Nilikuwa nimehesabu kona yenyewe, nikaisahau njia ya kuingilia. Kanuni yangu ya ukutani ilisema "kwenye kona", nami nikajiaminisha kwamba reli iliyonyooka ni salama mpaka kiungo chake cha mwisho. Sivyo. Bogi ya mbele inapokuwa imekwisha kuingia kwenye kona na ya nyuma ikiwa bado imesimama mwanzoni mwake, mwili wa behewa unakuwa umegeuka kwa takriban nyuzi 12, na vile vinundu 8 vinavyoning'inia nyuma ya bogi hugeukia upande wa pili, kuelekea nje, juu ya reli ambayo imenyooka kabisa. Nimepiga hesabu upya: pembe ya nyuma inafika milimita 45 kutoka katikati ya reli. Jukwaa lilikuwa kwenye milimita 40. Nikirudi nyuma zaidi, bogi zote mbili zikiwa kwa umbali sawa kutoka kwenye kiungo, moja ndani ya kona na nyingine nje, pembe hiyo inafika milimita 35 tu na haidhuru kitu. Kwa maneno mengine kona huanza kipande kimoja cha reli kabla ya kona, na behewa langu la kupimia lingeniambia hivyo siku ya kwanza kama ningelipitisha stesheni badala ya kulizungusha kwenye karatasi tu.

Nimelifupisha jukwaa kwa urefu wa reli moja kila upande. Yamebaki vinundu 112, na ncha zote mbili nimezimalizia kwa mteremko uliorudishwa nyuma hadi vinundu 7. Behewa moja na nusu hivi halitagusana na jukwaa treni ndefu ikisimama, na abiria wa nyuma watalazimika kusogea mbele ndani ya treni kabla ya kushuka. Mizani ya mizigo imesalimika.

Juma la 7

Nimeliacha daraja. Lilikuwa kwenye mchoro wa awali, nami nilikuwa nimelipenda: reli ipande, izunguke, ivuke juu ya reli nyingine. Hesabu yake ni fupi. Mwinuko ambao treni yangu inaumudu ni bamba moja kwa kila kipande cha reli, milimita 3.2 kwa milimita 128, yaani asilimia 2.5. Ili treni nyingine ipite chini nahitaji kimo cha milimita 115, sawa na vipande 36 vya reli, ambavyo ni zaidi ya mita nne na nusu za kupanda tu, kabla ya kushuka. Reli ya mzunguko wangu wote ina mita tano na kidogo.

Juma la 8 hadi la 10

Mji umepanda haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mipaka yake ilikuwa imekwisha kuchorwa na reli. Ardhi yote ya ndani nimeiinua kwa tofali moja juu ya ubao, ili reli ikae chini kidogo na njia za miguu zilingane na kimo cha reli badala ya kuonekana kama zimezama. Utupu ulio chini yake unapitisha waya zote za taa. Safu ya kati ya mabamba ya msingi imekuwa barabara, na safu mbili za pembeni ni nyumba zinazotazamana. Vile vinundu 8 vya ziada vimekuwa uchochoro nyuma ya nyumba za kaskazini, wenye mapipa, paka mmoja na ngazi ya chuma, na kusema kweli ndio sehemu ninayoitazama zaidi.

Nyumba nyingi nimezijenga kwa vinundu kuangalia juu, kama kawaida, lakini sura zake za mbele nimezigeuza zikaangalia barabarani. Jambo hilo huwezekana kwa sababu ya uwiano mmoja: mabamba matano yakipangwa yana kimo cha milimita 16, sawa kabisa na upana wa vinundu viwili. Anayeujua uwiano huo anaweza kuulaza ukuta ubavu na bado ukashikana na ule uliosimama, bila pengo. Kwa njia hiyo nimepata kuta zenye mistari myembamba kama mbao, na dirisha la duka lenye fremu iliyo nyembamba kuliko bamba.

Ghala la mizigo limejengwa kwa matofali meupe ya zamani ambayo yamegeuka manjano. Plastiki ya matofali haya ni ya aina ya ABS, na mwanga wa jua ukiipiga kwa miaka huigeuza rangi, hasa nyeupe, kijivu na buluu. Wapo wanaoyarejesha kwa dawa ya haidrojeni peroksaidi, nami nimewahi kujaribu, ila safari hii nimeyaosha tu kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na kuyaacha yakauke kwa hewa. Nimeyachanganya makusudi, yaliyogeuka sana chini karibu na ardhi na yaliyogeuka kidogo juu. Ghala limepata umri ambao rangi mpya isingeweza kulipa.

Upande wa nje wa mzunguko, ambako kina kinafika vinundu 15 tu, majengo ni sura za mbele zisizo na mgongo. Nilijaribu pia hila ya umbali, kwa kujenga nyumba za ukingoni ndogo kuliko vijitu wanavyohitaji ili zionekane ziko mbali. Ilifanya kazi ubao ulipotazamwa kutoka mbele na kuharibika mara mtazamaji aliposogea pembeni, kwa hiyo nimeiondoa.

Kila jengo lilipitishiwa behewa la kupimia. Lililokataliwa ni moja, kibanda cha mlinzi wa kivuko, na kwa kinundu kimoja tu.

Juma la 11

Kivuko cha barabara kimejazwa kwa vigae laini kati ya reli mbili, kimo chake kikikaribia kichwa cha reli bila kukizidi, huku nikiacha mfereji kila upande kwa ajili ya ukingo wa gurudumu. Kigae kimoja kilipanda kwa upana wa kucha, na kichwa cha treni kikakionyesha mara moja kwa kuruka.

Juma la 12

Jaribio la mwendo mrefu. Kwa mabehewa manne treni imezunguka nusu saa bila tukio. Nilipoongeza la tano, behewa la tatu liliangukia upande wa ndani wa kona, na ndilo jepesi kuliko yote, kwa kuwa bado halina viti. Sababu yake naielewa: kichwa kinavuta mbele, mabehewa ya nyuma yanakokota kwa msuguano wao, na mnyororo uliovutwa pande mbili hutaka kunyooka, na ukiwa juu ya kona, kunyooka maana yake ni kukata kuelekea ndani. Behewa jepesi lililo katikati ndilo hung'oka kwanza. Niliangalia pia magurudumu, nikakuta unywele umejizungusha kwenye mhimili mmoja wa behewa la tano, na huo ulikuwa umeongeza msuguano.

Nimeondoa unywele, nimelipa behewa la tatu viti na sakafu ya mabamba mazito, kisha nimelirudisha mwisho wa msafara. Mabehewa matano yamezunguka mara kumi. Mara ya kumi na moja nilipunguza mwendo wakati wa kuingia stesheni na kuinama hadi macho yakawa sawa na jukwaa: pembe ya nyuma ilipita mbele ya mteremko uliorudishwa, ikiacha nafasi inayotosha kupitisha ubavu wa tofali, na taa zote sita zilikuwa zinawaka. Kilichobaki ni viti vya behewa la nne, madirisha ya upande wa kushoto wa kichwa cha treni, na kiti cha dereva, ambacho sijajua kitakaa wapi.